Somo la Kumi na Mbili: Kuchagua Mimea Ifaayo Mahali Penye Majimaji

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba mmea una mizizi, shina, majani na maua, na kwamba kila sehemu ina kazi yake. Ulijifunza pia kwamba mmea hauwezi kuishi bila ya maji. Sasa fikiri juu ya jambo hili. Baada ya mvua kubwa za masika, maji hutuama nyuma ya nyumba kwa siku kadhaa. Mpapai uliokuwa na afya nzuri hugeuka majani yake yakawa manjano, kisha hulegea na kuanguka. Karibu yake, majimbi yanazidi kustawi. Mimea yote miwili imepata maji yale yale na jua lile lile. Kwa nini mmoja umekufa na mwingine umenawiri?

Katika somo hili utatafuta jibu la swali hilo kwa kufanya majaribio. Kisha utajifunza namna ya kuchagua mimea ya kupanda mahali panapotuama maji, nyumbani kwenu na shuleni.

1. Maji hutuama wapi?

Kisiwa cha Unguja hupata mvua katika misimu miwili. Mvua kubwa za masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei. Mvua ndogo za vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Disemba. Mjini Zanzibar mvua ya mwaka mzima hufikia kiasi cha milimita 1,600. Kama maji hayo yote yangebaki juu ya ardhi bila ya kupungua, yangekuwa na kina cha mita 1 na sentimita 60. Simama karibu na ukuta, upime kina hicho kwa rula. Je, maji yangekufika wapi?

Kwa bahati njema, maji hayabaki yote juu ya ardhi. Baadhi yake huzama katika udongo. Baadhi yake hugeuka mvuke na kurudi hewani. Mengine hutiririka hadi baharini. Yanayobaki hutuama.

Maji hutuama kwa sababu tatu kubwa. Kwanza, mahali penyewe pako chini kuliko pande zake, kwa hiyo maji huteremka na kukusanyika hapo. Pili, udongo wa mahali hapo haupitishi maji upesi. Tatu, maji yaliyo chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo maji ya mvua hayana nafasi ya kuzama.

Mifano ya mahali kama hapo ni mingi katika Unguja. Bonde la Cheju lina udongo mzito unaoshika maji, na kwa sababu hiyo wakulima hulima mpunga huko. Katika msitu wa Jozani, ulioko kusini-mashariki ya mji, maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi. Baada ya mvua nyingi, sehemu za msitu huo hufunikwa na maji.

Mjini nako kuna mfano mzuri. Zamani mkono wa bahari ulipita kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Bahari ilipojaa, Mji Mkongwe ulikaribia kuzungukwa na maji pande zote. Jina la Darajani linatukumbusha daraja lililovuka mkono huo wa bahari. Katika karne ya 20 mahali hapo palifukiwa kidogo kidogo, pakawa barabara na viwanja. Lakini ardhi iliyofukiwa ilibaki chini. Hata leo maji huweza kutuama katika viwanja vya Mnazi Mmoja wakati wa mvua kubwa, au wakati wa bamvua bahari inapojaa sana.

2. Udongo wa Unguja

Wakulima wa Unguja hutambua aina mbalimbali za udongo, na kila aina ina jina lake. Kichanga ni udongo wenye mchanga mwingi. Kinongo ni udongo mwekundu ulio juu ya mawe ya chokaa. Kinamo ni udongo mzito wa mabondeni. Ukilowa hunata mikononi, na ukikauka hupasuka nyufa. Upande wa mashariki wa kisiwa udongo ni mchache, na mawe yako karibu na uso wa ardhi.

Jaribio la 1: Udongo gani hupitisha maji upesi?

Vifaa: makopo matatu ya ukubwa mmoja, msumari, vipande vitatu vya kitambaa, bilauri tatu, saa, na udongo mkavu wa aina tatu: kichanga, kinongo na kinamo.

Njia: Toboa matundu matano chini ya kila kopo. Matundu yote yawe sawasawa. Tandika kitambaa ndani ya kila kopo ili udongo usitoke. Tia kichanga katika kopo la kwanza, kinongo katika la pili, na kinamo katika la tatu. Kila kopo lijae nusu. Weka kila kopo juu ya bilauri yake. Kisha mimina bilauri moja ya maji katika kila kopo kwa wakati mmoja. Angalia saa.

Andika katika daftari lako:
(a) Maji yalianza kutoka katika kopo lipi kwanza?
(b) Baada ya dakika kumi, bilauri ipi ilikuwa na maji mengi zaidi?
(c) Ni kopo lipi lililobakiwa na maji juu ya udongo?

Utaona kwamba kichanga hupitisha maji upesi, kwa sababu chembe zake ni kubwa na nafasi zilizo baina yake ni pana. Chembe za kinamo ni ndogo sana na zimeshikamana, kwa hiyo maji hupita polepole. Kinongo huwa baina ya hizo mbili.

3. Mizizi nayo hupumua

Jaribio la 2: Je, katika udongo mna hewa?

Tia udongo mkavu katika bilauri mpaka nusu. Mimina maji juu yake polepole, na uangalie kwa makini. Unaona nini kikitoka katika udongo?

Viputo unavyoviona ni vya hewa. Hewa hiyo ilikuwa imekaa katika nafasi zilizo baina ya chembe za udongo. Maji yalipoingia, yaliifukuza hewa yakachukua mahali pake.

Jambo hili ni kubwa kwa mmea. Mizizi ina uhai, na kila chenye uhai kinahitaji kupumua. Mizizi ya mimea mingi huvuta oksijeni kutoka katika hewa iliyomo udongoni. Maji yakijaza nafasi zote za udongo kwa muda mrefu, mizizi hukosa oksijeni. Baada ya siku chache huanza kufa na kuoza. Mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya maji wala chakula cha mmea kilichomo udongoni. Ndiyo maana majani ya mmea huo hunyauka kama kwamba umekosa maji, ingawa umesimama katikati ya maji.

Sasa unaweza kueleza habari ya mpapai tuliotaja mwanzoni. Mpapai ni miongoni mwa mimea isiyovumilia kabisa maji yaliyotuama. Siku chache tu zinatosha kuuharibu. Mkarafuu, mchungwa, mparachichi na muhogo pia huharibika mizizi yake ikikaa majini.

Jaribio la 3: Kunde na mpunga majini

Vifaa: makopo manne, udongo, miche sita ya kunde na miche sita ya mpunga iliyokwisha kuota.

Njia: Toboa matundu chini ya makopo mawili, na uyaandike A na C. Makopo mawili yaliyobaki usiyatoboe. Yaandike B na D. Tia udongo wa aina moja katika makopo yote. Panda miche mitatu ya kunde katika kopo A na mitatu katika kopo B. Panda miche mitatu ya mpunga katika kopo C na mitatu katika kopo D. Weka makopo yote mahali pamoja penye jua. Mwagilia makopo A na C kwa kiasi kila siku. Katika makopo B na D tia maji mpaka yafunike udongo kwa kina cha sentimita 2.

Kila baada ya siku mbili mwaga maji yaliyo juu ya udongo katika makopo B na D, kisha utie maji mengine. Sababu ya kufanya hivyo utaisoma katika sehemu ya saba. Endelea na jaribio kwa siku kumi na nne. Kila siku andika rangi ya majani na urefu wa miche.

Jaribio likimalizika, ng'oa miche yote uoshe mizizi yake. Linganisha mizizi ya kunde ya kopo A na ya kopo B. Linganisha pia mizizi ya mpunga ya kopo C na ya kopo D. Mizizi iliyo hai huwa migumu kidogo na rangi yake ni nyeupe. Mizizi iliyooza huwa laini, rangi yake ni ya kahawia, na hutoa harufu mbaya.

4. Jinsi mimea ya majini inavyopata hewa

Mpunga, yungiyungi na mikoko huishi majini au matopeni bila ya kufa. Je, mizizi yake haihitaji oksijeni? Inahitaji. Lakini mimea hiyo ina njia zake za kuipata.

Ndani ya mpunga mna nafasi zinazopitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Yungiyungi nalo lina kikonyo kirefu chenye mianya ndani yake. Mwombe mwalimu akuletee kikonyo kimoja kilichooshwa. Kikate, utaona matundu. Kitumbukize katika ndoo ya maji safi ukiminye kwa vidole. Viputo vinavyotoka ni hewa iliyokuwa ndani ya matundu hayo.

Mchu ni mti wa jamii ya mikoko. Mizizi yake mingine huchomoza juu ya tope kama vidole vinavyoelekea juu. Maji ya bahari yanapokupwa, mizizi hiyo huvuta hewa na kuipeleka kwenye mizizi iliyomo topeni. Mkiweza, fanyeni safari na mwalimu wenu kwenda Pete, karibu na Jozani, ambako kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Hapo mtaona mizizi ya aina nyingi bila ya kukanyaga tope. Mahali hapo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004.

Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: mmea unaofaa penye majimaji ni ule ambao mizizi yake inaweza kupata hewa hata kama udongo umejaa maji.

5. Kupima mahali kabla ya kupanda

Mkulima mwangalifu hapandi kwanza kisha akatazama kitakachotokea. Hupapima mahali kwanza. Fanya vivyo hivyo.

Jaribio la 4: Maji hukaa kwa muda gani?

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30. Lijaze maji, uyaache yazame yote ili udongo ulowe. Kisha lijaze mara ya pili, na uandike saa. Tazama shimo hilo kila baada ya saa moja, na tena siku ya pili asubuhi.

Maji yakiisha kwa muda wa saa chache, mahali hapo hupitisha maji vizuri. Yakichukua mchana kutwa, ni mahali pa majimaji kiasi. Maji yakiwapo bado siku ya pili, hapo ni mahali pa kutuama maji. Ukimaliza kupima, fukia shimo ili mtu asije akatumbukia.

Tazama pia mimea inayoota yenyewe. Ukiona ndago nyingi, matete, au kangaga, jua kwamba udongo wa hapo hukaa na maji kwa muda mrefu, hata kama siku hiyo ni mkavu.

Kisha jibu maswali haya matano:
Maji yanatoka wapi? Huenda yanatoka kwenye mlizamu wa paa, bombani, jikoni, au kwenye chemchemi.
Maji ni safi au machafu?
Maji ni ya chumvi au ya baridi? Karibu na pwani maji ya ardhini huweza kuwa na chumvi.
Mahali hapo hupata jua kwa saa ngapi?
Kuna ukuta, karo, au kisima karibu?

6. Mimea ya kuchagua

Jedwali lifuatalo linaonyesha mimea inayojulikana sana katika Unguja. Imegawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza: Mahali maji yanapotuama kwa wiki nyingi
Mpunga: hutoa chakula, unataka jua la kutosha na palizi.
Majimbi: hutoa chakula, huvumilia kivuli kidogo. Yasiliwe mabichi, kwa sababu huwasha kinywa na koo. Sharti yapikwe mpaka yaive.
Yungiyungi: hupamba bwawa, linahitaji maji siku zote.

Fungu la pili: Mahali penye majimaji siku nyingi, lakini maji hayafuniki ardhi daima
Muwa: mizizi yake hushika udongo wa kingo za mfereji.
Mkindu: majani yake machanga hukaushwa, hutiwa rangi, na kusukwa mikeka.
Mkadi: huvumilia chumvi, na maua yake yana harufu nzuri.
Mzambarau: huvumilia mafuriko na hutoa matunda, ni mti mkubwa, kwa hiyo unahitaji nafasi.
Mtondoo: huota katika msitu wa majimaji wa Jozani na pia kando ya bahari, nao ni mti mkubwa.

Fungu la tatu: Mahali penye unyevu, lakini maji hupita
Mgomba: unapenda maji yanayopita, haupendi maji yanayotuama. Pahala pake ni juu kidogo ya mfereji.
Mchicha na bamia: hupandwa katika matuta.
Viazi vitamu: hupandwa juu ya matuta, ili mizizi ikae juu ya maji.

Fungu la nne: Mahali pakavu tu
Mpapai, mkarafuu, mchungwa, mparachichi, muhogo na mwasumini.

Utaona kwamba mkulima ana njia mbili. Anaweza kuchagua mmea unaopatana na mahali. Au anaweza kupabadilisha mahali kidogo kwa kuinua matuta na kuchimba mifereji, ili apande mmea anaoutaka. Mara nyingi hufanya yote mawili. Lakini kupigana na maji kila mwaka ni kazi ngumu. Ni nafuu kuanza kwa kuchagua vizuri.

Mfano wa bustani ya shule

Fikiri kwamba paa la shule yenu lina mlizamu mmoja. Maji yake huanguka kwenye pembe ya kiwanja, huteremka mita kumi, kisha hutuama mbele ya choo. Mngepanda nini?

Anzeni kwa kuchimba mchirizi mwembamba kutoka kwenye mlizamu, ili maji yasisambae ovyo. Pelekeni mchirizi huo mbali na choo na mbali na kisima. Pandeni miwa kwenye kingo zake, ili udongo usichukuliwe na maji. Juu kidogo ya mchirizi, pandeni migomba. Mahali pa chini kabisa, ambapo maji hujikusanya, pandeni majimbi. Mboga zipandwe katika matuta upande wa juu, na mpapai upandwe mahali pa juu kuliko pote. Kwa njia hiyo maji yale yale yaliyokuwa yakiharibu kiwanja yatalisha bustani.

7. Maji yaliyotuama na afya yetu

Bustani ya majimaji isiyotunzwa huweza kuleta maradhi. Mbu hutaga mayai majini. Mayai hutoa viluwiluwi, na viluwiluwi hugeuka mbu. Mambo hayo yote huweza kukamilika kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mbu aina ya anofelesi hueneza malaria. Mbu wengine, ambao hupenda maji machafu ya karo na mitaro, huweza kueneza ugonjwa wa matende. Sasa umeelewa kwa nini uliambiwa umwage maji katika Jaribio la 3 kila baada ya siku mbili.

Kichocho ni ugonjwa mwingine. Vijidudu vyake hukaa ndani ya konokono wa majini kwa muda, kisha hutoka na kumwingia mtu kupitia ngozi anapotembea au kuoga katika maji hayo. Konokono hao hupenda madimbwi na mito yenye maji ya polepole na magugu mengi. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, huyatia maji mayai ya vijidudu hivyo, na ugonjwa huendelea. Kwa hiyo usikojoe majini, na usichezee maji ya madimbwi.

Mimea husaidia kupunguza maji. Mizizi hunyonya maji, na majani huyatoa hewani kwa njia ya mvuke. Mizizi pia huufanya udongo uwe na nafasi za kupitishia maji. Lakini mimea peke yake haitoshi. Mtaro uliojaa mifuko ya plastiki na makopo hautapitisha maji hata ukipandwa mimea mizuri kiasi gani. Safisheni mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kumbuka tena mambo mawili. Usipande mboga za kuliwa mahali panapopita maji ya choo au ya karo. Na usitupe mtaroni au bwawani mmea usioujua tabia yake. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lina maua mazuri ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilianza kuenea katika Ziwa Viktoria, baadaye likaziba bandari na kuwazuia wavuvi kupitisha vyombo vyao. Mmea mzuri kwa macho huweza kuwa adui ukipandwa mahali pasipofaa.

8. Bustani za Mji Mkongwe

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mawe hayo na chokaa hunyonya maji. Maji yakituama karibu na ukuta, unyevu hupanda ndani yake. Chokaa hubanduka, na ncha za boriti huoza. Nyumba iliyosimama miaka mingi huweza kuanguka kwa sababu ya mlizamu mmoja uliovunjika.

Kwa sababu hiyo, anayepanda mimea katika ua wa nyumba ya mawe hana budi kuwa na hadhari. Miti mikubwa, kama mzambarau, haifai karibu na ukuta. Miti ya jamii ya mkuyu ni hatari zaidi. Ndege hula matunda yake na kuacha mbegu katika nyufa za kuta. Mbegu huota, na mizizi yake hupanua nyufa hizo. Ukiuona mche kama huo ukutani, mwambie mzazi wako mapema, ung'olewe ungali mdogo.

Katika ua kama huo, kwanza maji yaelekezwe mtaroni. Kisha mirehani na miasumini ipandwe katika vyungu vyenye matundu chini, vilivyoinuliwa juu ya mawe mawili au matatu. Ua utapata harufu nzuri na kivuli, na ukuta utabaki mkavu.

Mambo ya kukumbuka

Mizizi hupumua. Hupata oksijeni kutoka katika hewa iliyomo udongoni.
Maji yakijaza udongo kwa muda mrefu huifukuza hewa, na mizizi ya mimea mingi hufa.
Mpunga, yungiyungi na mchu ina njia za kuipelekea mizizi yake hewa.
Pima mahali kwanza, kisha chagua mmea.
Maji yaliyotuama bila ya kutunzwa huleta mbu na konokono.
Usipande mti mkubwa karibu na ukuta.

Zoezi

1. Eleza kwa nini mmea uliosimama majini huweza kunyauka.
2. Katika Jaribio la 3, kwa nini udongo wa makopo yote ulikuwa wa aina moja?
3. Wakulima wa Cheju hulima mpunga bondeni. Kwa nini hawapandi mikarafuu hapo?
4. Taja tofauti mbili baina ya kichanga na kinamo.
5. Mtu mmoja alipanda mpapai na mgomba kando ya bwawa la maji yaliyotuama. Ni mmea upi utakufa kwanza? Je, ule mwingine utastawi? Toa sababu.
6. Jirani anataka kupanda mchicha kando ya mtaro unaotoka kwenye karo. Utamshauri nini kwa adabu, na kwa nini?

Kazi ya nyumbani

Tafuta mahali panapotuama maji karibu na nyumba yenu. Chora ramani yake ndogo. Onyesha kwa mishale maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Waulize bibi, babu, au wazee wa mtaa kama maji yalituama hapo tangu zamani, na mimea gani iliota hapo. Kisha andika mimea mitatu ambayo ungeipanda, na sababu ya kuchagua kila mmoja. Leta ramani yako darasani mwilinganishe na za wenzako.